Fundi wa Runinga za Tyubu Karibu na Soko la Kibuye, Kisumu

Mwenye runinga ya rangi ya zamani, ile ya tyubu na mgongo mrefu, akiona pembe za picha zimegeuka kijani au zambarau, afadhali aipeleke kwa fundi mwenye kibanda karibu na soko la Kibuye kabla ya kukubali kwamba tyubu imekufa. Yangu ya inchi 21 ilikuwa imekwisha kuhukumiwa hivyo kwingine mjini. Huyu hakushika bisibisi kwanza. Aliuliza runinga huwekwa wapi, spika ziko upande gani, na iwapo doa huhama runinga inapogeuzwa.

Maswali hayo yana msingi. Nyuma ya kioo kuna bamba jembamba la chuma lenye matundu mengi, ambalo huiongoza miali mitatu ya elektroni ili kila mmoja ugonge rangi yake tu: nyekundu, kijani au buluu. Bamba hilo likishika usumaku, kwa mfano kutoka kwa wufa iliyoegemezwa ubavuni mwa runinga, miali hupotoka kidogo na kugonga rangi ya jirani. Runinga nyingi hujiondolea usumaku huo zinapowashwa kwa swichi yenyewe: waya uliozungushiwa tyubu hupitishiwa stima inayofifia upesi, na hapo ndipo husikika ule mvumo mfupi. Yangu ilikuwa kimya. Kijipande kinachoidhibiti stima hiyo, posista, kilikuwa kimeharibika.

Alikibadilisha (kazi isiyofaa kujaribiwa nyumbani, kwa kuwa tyubu huweza kuhifadhi maelfu ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa), kisha akazungusha koili yake kubwa (duara la waya la kuondolea usumaku) mbele ya kioo huku akirudi nyuma polepole, akaizima alipofika kama mita 2, maana ikizimwa karibu na kioo huacha doa jipya. Rangi zilitulia.

Monita ya kompyuta iliyokuwa ikitikisika hakuifungua kabisa. Alitaka tu niiondoe karibu na stebilaiza, ambayo transfoma yake huvuja nguvu ya sumaku: monita ilikuwa ikichora picha mara 60 kwa sekunde ilhali stima yetu ni ya mizunguko 50, na tofauti hiyo ya 10 ndiyo iliyoonekana kama mtetemo. Ushauri huo haukunigharimu chochote, jambo ambalo mafundi wachache wangelikubali.

Runinga iliyoanguka hadi bamba likapinda haipokei, kwa kuwa koili haiwezi kulinyoosha. Kibanda ni finyu na foleni huwa ndefu, hivyo mteja asitarajie kuhudumiwa siku hiyohiyo. Nililipa shilingi 800, posista ikiwamo, bila risiti; dhamana ni ya mdomo, na anayetaka tarehe iandikwe sharti aombe mwenyewe.