Sumo Ryogoku: usilipie mwongoza wageni

"Hiyo chumvi ni ya mikono isiteleze." Ndivyo alivyotujibu mwongoza wageni tuliyemlipa, pale ukumbi wa Kokugikan, mtaa wa Ryogoku, Tokyo, macho yote kwenye simu, tulipomuuliza kwa nini wapiganaji wa sumo, mieleka ya Kijapani, wanarusha chumvi ulingoni. Isiteleze! Chumvi ile ni ya kutakasa ulingo. Siku moja kabla ya shindano waamuzi hufanya ibada pale, na katikati ya udongo hufukiwa chumvi, mchele, mwani na ngisi mkavu. Na huyu anauza "historia na mila za sumo"!

Nikamuuliza mbona wale wa asubuhi hawarushi. "Angalia mchezo, maswali baadaye." Baadaye yenyewe haikufika. Jibu lilikuwa jepesi tu: chumvi ni ya madaraja mawili ya juu, makuuchi na juryo, watu 70 kwa jumla. Wa chini wanaingia, wanakamatana, wanaondoka.

Kisha akadai wakubwa "wanapoteza muda". Makuuchi wana dakika 4 za kujiandaa kabla ya kukamatana. Zamani hapakuwa na kikomo, hadi matangazo ya redio yalipoanza mwaka 1928 ndipo zikawekwa dakika 10. Katika dakika hizo mpiganaji anachutama, anakaribia kuweka ngumi chini ili waanze, anamkazia mwenzake macho, anageuka kufuata chumvi tena. Ukiutazama mkono wa pili unaosita kugusa udongo, utajua nani kaanza kutetereka.

Nisimwonee, la kuku alilieleza vizuri. Kuku wa mishikaki ndiye mlo wa ukumbi ule kwa sababu husimama kwa miguu miwili. Ng'ombe ana minne, na kwenye sumo, pambano likishaanza, mkono ukigusa chini umeshindwa. Hapo nilitaka kumpa nyota mbili.

Boksi la kukaa chini alilotukatia ni la watu wanne, upana mita 1.3 hivi, viatu mnavua. Wanne watu wazima hamtoshi, magoti yanaingia mgongoni mwa mwenzio. Chukueni wawili mlipie lote, au mpande juu kwenye viti.

Lakini la kututoa mapema silisamehi. Pambano la mwisho linaisha karibu saa 12 jioni, halafu anapanda mpiganaji mmoja kuzungusha upinde kwa niaba ya washindi. Upinde ukimponyoka anauokota kwa mguu, maana mkono hauruhusiwi kugusa chini. Sababu ile ile ya kuku! Sisi tulikuwa mlangoni tunasukumwa, eti tuwahi treni, na stesheni iko pua na mdomo na ukumbi.

Nyota moja basi. Hata hiyo ni ya kuku. Sumo yenyewe nyota tano: kata tiketi mwenyewe, ingia kabla ya saa 9:40 alasiri makuuchi wanapopanda na aproni zao za hariri, na asikutoe mtu mpaka upinde ushuke.