Chaki ya joto kwa kuchomelea shafti za EN19: uzoefu wangu

Kama unachomelea shafti za EN19, yaani chuma cha aloi kigumu, na bado unapima joto kwa kutema mate juu ya chuma, nunua chaki ya joto. Mimi natumia Tempilstik, ya nyuzi 250 za Selsiasi na ya nyuzi 300, na sasa sianzi kazi ya shafti bila hizo mbili mezani.

Kila chaki imetengenezwa iyeyuke kwenye joto moja tu. Unachora mstari juu ya chuma. Ukibaki mkavu, joto bado. Ukiyeyuka na kung'aa, limefika. Mtengenezaji anasema kosa halizidi asilimia 1. Kipima joto cha miale nilikijaribu, lakini kwenye shafti iliyotoka kusuguliwa ikang'aa kinasoma chini ya joto halisi, na kwa kazi hii siwezi kukiamini.

Hatari ya kuchomelea shafti ikiwa baridi iko hivi. EN19 ina kaboni karibu asilimia 0.4, pamoja na kromiamu na molibdenamu. Ukichomelea, chuma kilicho pembeni ya mshono hupita nyuzi 800 na kugeuka austenaiti, yaani umbo la ndani la chuma kikiwa cha moto sana. Shafti nene ikiwa baridi hulinyonya joto hilo haraka, na austenaiti hukosa muda wa kugeuka polepole. Ikifika nyuzi 340 hivi huanza kuwa martensaiti, umbo jingine la ndani la chuma: ngumu, rahisi kupasuka, na huvimba inapozaliwa.

Kuvimba huko ndiko mafundi wengi hukuelewa nusu. Mshono unapopoa hutaka kusinyaa, chuma baridi cha pembeni kinauzuia, basi unabaki umevutwa kama kamba iliyokazwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kunihiko Satoh wa Japani alionyesha jambo hili kwa kipande cha chuma kilichobanwa ncha zote mbili. Kikipoa, mvuto hupanda. Mabadiliko ya ndani yakianza, kule kuvimba kunaupunguza. Yakiisha, mvuto hupanda tena. Wajapani baadaye walitengeneza waya wa kuchomelea wenye kromiamu na nikeli asilimia 10 kila moja, unaosubiri hadi karibu nyuzi 180 ndipo ugeuke, ili uvimbe uje mwishoni na mshono ubaki umebanwa badala ya kuvutwa. Mimi hili linanivutia sana! Kwa hiyo kuvimba peke yake si adui. Kwenye shafti yetu kunatokea ndani ya chuma kigumu kilichomeza haidrojeni, gesi inayoingia wakati wa kuchomelea, na tabaka za jirani zisizogeuka kwa wakati mmoja nalo ndizo zinazovutwa. Ufa huja baadaye, pengine kesho yake, mteja akiwa ameshafunga mashine.

Nikipasha hadi 250 na kulishika joto hilo kati ya mshono na mshono, chuma hupoa taratibu, martensaiti hupungua, na haidrojeni hupata nafasi ya kutoka. Mstari wa 250 lazima uyeyuke, wa 300 lazima ubaki mkavu. Nachora kama milimita 75 kutoka mahali pa kuchomelea, kamwe si ndani ya mfereji unaojazwa mshono, maana chaki huchafua mshono. Nikimaliza, shafti naifukia kwenye chokaa kavu ipoe yenyewe. Baada ya siku mbili napaka dawa nyekundu ya kutafutia nyufa, na nyufa zimekuwa nadra kweli.

Kasoro zipo. Chaki huvunjika kirahisi ikianguka. Tena inasoma uso tu: tochi ikichoma upande mmoja, mstari unayeyuka wakati moyo wa shafti bado baridi. Ondoa moto, subiri kidogo, chora upya upande wa pili. Ukiwa na tanuri la kupunguzia mvuto kwenye nyuzi 600 hivi, hakikisha kwanza joto hilo liko chini ya lile ambalo shafti ilipikwa nalo kiwandani, la sivyo utailainisha yote.

Kwa mageti na madirisha usitumie pesa yako huku. Chuma laini cha kaboni kidogo hugeuka mapema, kikiwa bado cha moto, na hubaki laini. Lakini kwa shafti, gia na ekseli, anza na ya 250.