Darasa la Jumamosi la kuzungumza hadharani, Morogoro: nimemaliza wiki sita

Mimi ni mweka hazina wa SACCOS ya wauza nafaka. Kila mkutano mkuu nasimama kusoma mapato na matumizi, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikishuka jukwaani jasho linanitoka. Ndiyo maana nikalipa shilingi 15,000 kwa kila Jumamosi kwa darasa la mtangazaji mstaafu wa redio.

Utaratibu ameuchukua kwa Toastmasters, kile chama cha watu wanaojifunza kuhutubia kilichoanzia California mwaka 1924. Unapewa dakika tano hadi saba. Ya tano ikifika inanyanyuliwa kadi ya kijani, ya sita njano, ya saba nyekundu. Mwanafunzi mmoja kazi yake ni kuhesabu "aaa" na "yaani" zako tu. Hilo peke yake lingenitosha.

Ila kilichonigusa ni zoezi lake la karatasi. Kabla hujasimama unaandika unavyodhani wasikilizaji wanakuwazia. Ukimaliza, nao wanaandika walichowaza kweli, halafu zinasomwa zote. Mimi niliandika: "Wanadhani nimekula hela." Nikasoma taarifa yangu kama ninavyoisoma siku zote, nikianza na stakabadhi, mkaguzi, na jinsi fedha zisivyotoka bila sahihi tatu.

Karatasi zao zikasomwa. "Sikusikia gawio ni shilingi ngapi." "Anakimbia sana." Ya tatu ikanikata maini: "Mbona anajitetea? Kuna nini?"

Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Dada, nani amekutuhumu?" Sikuwa na jibu. Hakuna aliyewahi. Wasiwasi niliokuja nao moyoni ndio niliokuwa nawapandikizia watu waliokuja kusikia gawio lao.

Mkutano wa mwezi uliopita nilianza na gawio, nikalitaja mara mbili, taratibu. Stakabadhi nikaziweka mezani kwa anayetaka kuziona. Katikati, mzee mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono. Zamani ningekuwa nimeshaanza kujibu kabla hajafungua mdomo. Safari hii nikamwambia, "Karibu, mzee wangu." Akasema, "Mwanangu, rudia ule ukurasa wa mikopo, miwani nimeisahau nyumbani." Nikarudia.

Kasoro zipo. Chumba ni kidogo, feni moja kwa watu kumi na wanne, na saa tatu kamili inageuka saa tatu na nusu karibu kila wiki. Kwa darasa linalofundisha kuheshimu dakika, hilo lirekebishwe. Pia anayetaka hotuba za kuandikiwa asiende, hapo huandikiwi kitu.

Mimi nimeshalipia wiki nne nyingine. Mdogo wangu anaolewa, nimepewa kusema kwa niaba ya familia, na upande wa wakwe nimeshaanza kuuhofia. Karatasi yangu ya Jumamosi ijayo ninayo tayari.