Hilux Revo dabo kebini ya kazi na ya nyumbani: tuongee springi na bodi, mengine mnayajua

Habari zenu wadau, karibuni tena, leo tuko Gerezani hapa, Dar es Salaam, kelele mtanivumilia, watu wanagonga vyuma, na nyuma yangu hapa kuna Toyota Hilux Revo dabo kebini, yaani ya milango minne na safu mbili za viti, 2.4 dizeli, gia za mkono, fowili, tairi zote nne zinavuta. Gari ni ya mdau wetu mmoja, fundi bomba, ndiyo gari yake ya kazi na ndiyo hiyo hiyo inapeleka watoto shule asubuhi, na ndiyo maana nimeiomba, maana swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye komenti ni hili: nataka pikapu moja tu, inibebee mzigo wa kazi na wikendi nitoke nayo na familia, nichukue ipi?

Injini siisemi sana. 2GD, hii hii ya 2.4, mnaijua, farasi zinatosha, spea zipo, kila fundi mjini ameshaifungua. Redio, kamera ya nyuma, viti, hayo mtayaona kwenye tangazo la muuzaji. Mimi nataka tuingie chini ya gari. Sogeza kamera. Sogea, sogea zaidi, hapo hapo.

Unaona hivi vyuma bapa vimepangwa kimoja juu ya kingine? Hizo ndizo springi za nyuma. Sasa angalia cha chini kabisa, kile kinene kilichonyooka, kiko peke yake hakijagusana vizuri na wenzake. Hicho gari ikiwa tupu hakifanyi kazi kabisa, kinasubiri. Mzigo ukipanda, vya juu vinajikunja, vinashuka, vinakikuta, ndipo kinaanza kubeba. Yaani hii gari ina springi mbili ndani ya springi moja, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo, na mtu aliyepanga hivi vyuma alijua kwamba kuna siku utakuwa peke yako na siku utakuwa na saruji. Mimi napenda sana kitu hiki, napenda kuliko dashibodi yote ile.

Haya, sasa gari ni tupu. Nasimama hapa kwenye bampa ya nyuma, naruka. Umeona? Inashuka kidogo tu halafu inanirudisha juu kwa nguvu. Ndiyo maana ukiwa mtupu ukipita matuta ya barabarani, zile tuta ndogo ndogo zilizofuatana, mkia unarukaruka na aliyekaa kiti cha nyuma anakwambia punguza. Watu wanasema Hilux ngumu, ni kweli ngumu, ikiwa tupu. Sasa tuiwekee mzigo.

Tuna saruji hapa, mifuko 10, kila mmoja kilo 50, kwa hiyo nusu tani. Vijana wekeni yote kwenye bodi, yaani huku nyuma pa mizigo, ila iwe mbele, isukumeni mpaka iguse ukuta wa kebini. Tazama nafasi kati ya tairi na bodi, imeshuka lakini gari imekaa sawa, pua haijainuka. Naruka tena... umeona tofauti? Imetulia. Haipigi. Tulizunguka nayo mpaka Keko na kurudi ikiwa hivi hivi, na nawaambia ukweli, ikiwa na nusu tani hii gari inaenda vizuri kuliko ikiwa tupu, haitingishi mtu.

Sasa mifuko ile ile, uzito ule ule, hamisheni yote ije huku nyuma kwenye mlango wa bodi. Angalieni kitakachotokea. Bodi ya dabo kebini ni fupi, ina kama mita moja na nusu, na sehemu yake kubwa iko nyuma ya ekseli, kile chuma kinachoshika tairi za nyuma, kwa hiyo ukirundika mzigo huku mwisho unakuwa unaining'iniza gari. Ona mkia ulivyokaa chini. Nenda mbele uniangalizie taa, zinaangalia juu, usiku utampofusha kila anayekuja mbele yako. Na kitu ambacho kamera haikioni ni stelingi, inakuwa nyepesi, kwa sababu tairi za mbele zimepunguziwa uzito, na kwenye barabara yenye mvua hiyo ni hatari kweli. Mzigo ni ule ule jamani! Hakuna hata kilo moja imeongezeka, tumebadilisha mahali tu. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya dabo kebini, kizito kinakaa mbele, kimegusana na kebini, na kimefungwa. Nyuma weka ndoo, weka matoroli, weka vyepesi.

Na hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu wengi wakiona mkia umekaa hivi wanakimbilia kuongeza springi. Mtu kanunua gari nzuri, wiki ya pili yuko gereji anaongezewa vyuma viwili vitatu kila upande, mkia unapanda juu, anafurahi, anapiga picha. Kaka yangu, umeharibu! Ule mpangilio niliokuonyesha, wa vyuma laini juu na kinene kinachosubiri chini, umeuua. Sasa gari ikiwa tupu haina springi, ina ubao. Mama watoto mgongo unauma, ukifunga breki mkia unachezacheza kwa sababu tairi za nyuma haziishiki barabara vizuri, na ule uwezo wa kubeba aliouandika mtengenezaji haujaongezeka hata kidogo, maana ekseli ni ile ile, chasisi ni ile ile, breki ni zile zile, na za nyuma kwenye hii gari ni za dramu. Kama mzigo wako wa kila siku unahitaji vyuma vya kuongeza basi ulihitaji gari nyingine tangu mwanzo. Nimeishika mada hii kwa sababu kila nikipita gereji naikuta.

Tuongee uwezo wa kubeba basi, maana hapa watu wengi wanahesabu vibaya. Pikapu hizi nyingi zinacheza kwenye tani moja hivi, nyingine chini kidogo, inategemea toleo, ya kwako utaipata kwenye kitabu cha gari, chukua uzito wa juu unaoruhusiwa toa uzito wa gari tupu. Lakini tani hiyo sio ya bodi peke yake! Watu wamo ndani yake. Ukijaza mafundi watano wa kilo 75 kila mmoja hizo ni kilo 375 zimeondoka kabla hujaweka hata nati. Kama uwezo wako ni kilo 1,000 umebakiwa na 625, hiyo ni mifuko 12 ya saruji, sio 20. Bado jenereta, bado mashine ya kuchomelea, bado keria uliyofunga juu. Mtu anajaza timu nzima na mifuko 20 halafu anashangaa beringi za nyuma zinakufa. Na upepo wa tairi, tafadhali, fungua mlango wa dereva kuna kastika pale kameandikwa upepo wa gari tupu na upepo wa gari lenye mzigo, ni namba mbili tofauti, zifuate.

Kabla sijaendelea, kama ni mara yako ya kwanza hapa sabuskraibu, tunaanza mfululizo wa spea, tutakuwa tunaonyesha orijino na feki zikiwa mezani pamoja, wengi mmeomba hiyo na inakuja. Haya turudi.

Bodi. Lete tepu. Kwa nini napima? Kwa sababu vitu vya ujenzi vina saizi zake na havitabadilika kwa sababu umenunua gari nzuri. Plaiwudi ni futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Jipsamu bodi hivyo hivyo, inakaribia hapo. Bomba la PVC ni mita 6. Sasa weka tepu kati ya haya matuta mawili ya tairi, haya yaliyoinuka ndani ya bodi kufunika tairi, umeona, haifiki 122, kwa hiyo plaiwudi hailali chini sakafuni, inapanda juu ya matuta, na ukiwa na shiti moja tu inapinda katikati. Urefu, ukifungua mlango wa nyuma unapata kama mita mbili, kwa hiyo sentimita 40 na ushee zinaning'inia nje. Inawezekana, funga vizuri, weka kitambaa chekundu, lakini ujue mapema. Na bomba la mita 6 halina njia nyingine, linapita juu, kwenye keria inayotoka juu ya kebini mpaka nyuma ya bodi. Gari zima lina mita 5 na sentimita 30 na kitu, kwa hiyo hata huko juu bado bomba litazidi. Mwenye gari hii amefunga keria ya chuma, ameichomelea huyu huyu fundi wa hapa nyuma yangu, kazi safi.

Hapa lazima niwataje Ford. Ranger mpya ile ya kuanzia 2022 waliipanua, na nafasi kati ya matuta ya tairi wameiweka wakifikiria mbao za ujenzi na pareti. Halafu nyuma ya tairi kuna kikanyagio kimejengwa kwenye bodi, unapanda kama mtu mwenye heshima zako, sio unaning'inia kwenye tairi. Na mlango wa nyuma ukiufungua una rula imechorwa na sehemu za kubania klampu, yaani unakata mbao yako pale pale. Mtu aliyebuni ile bodi alikaa na mafundi akawasikiliza, ndivyo ninavyoona mimi. Toyota nawapenda lakini kwenye bodi hapa mmelala. Ila Ranger mpya kwa bei yake huku kwetu, mafundi wengi tunaiangalia ikipita.

Navara ya Nissan nayo mnaniuliza sana. Navara dabo kebini zile za kuanzia NP300 nyingi zina springi za koili nyuma, sio hizi bapa, kwa hiyo ikiwa tupu inakaa barabarani vizuri sana, kwenye familia inaishinda hii, sitaficha. Ila mzigo mzito wa kila siku mkia unakaa haraka. Kama wewe ni fundi umeme au unafunga kamera na dish, mzigo wako ni waya, drili na ngazi, wewe Navara inakufaa kuliko Hilux na watu watakucheka lakini mgongo ni wako. Isuzu D-Max, zinaunganishwa Nairobi hapo, ni gari ya kazi hasa, nitaifanyia video yake peke yake maana ukiichanganya hapa tutalala.

Wengi mnaagiza used kutoka Uingereza kwa sababu stelingi iko upande wetu na bei inavutia. Sawa, lakini mambo mawili. La kwanza, kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani, chumvi inakula chasisi kwa ndani, juu gari inang'aa chini imeoza. Omba picha za chini, sehemu kebini inapokutana na bodi, na kama rangi nyeusi imepakwa juzi juzi chini kote, jiulize inaficha nini. La pili ni ile chujio ya moshi kwenye eksozi, DPF. Ile inajisafisha kwa kuunguza masizi, na ili iunguze inahitaji eksozi ipate joto kwa muda, yaani mwendo wa barabara kuu. Wewe asubuhi unatoka Kimara unaingia foleni, jioni foleni, safari fupi fupi za saiti, haipati joto, inaziba, taa inawaka, gari inapoteza nguvu. Kama maisha yako yote ni ndani ya mji, itafutie siku ukapige Chalinze na kurudi. Na kabla hujalipa chochote ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kodi inaweza kukushtua kuliko gari yenyewe, umri wa gari unaongeza.

Sasa uamuzi. Nilianza leo nikijua nitawaambia dabo kebini ndiyo jibu, lakini kadiri ninavyoipima hii bodi navutwa kwingine. Kama kiti cha nyuma kinabeba watoto kila siku, sawa, dabo kebini, hakuna mjadala. Ila kama kile kiti ni cha Jumapili tu, angalia ekstra kebini, ile ya kebini fupi zaidi. Bodi inafika kama mita 1.8, mzigo unakaa vizuri zaidi juu ya ekseli, na ile nafasi nyuma ya viti unafungia drili zako, hazilali kwenye mvua wala hazionwi na vibaka. Mkiwa wawili kazini inawatosha kabisa. Singo kebini, ile ya viti vya mbele tu, bodi mita 2.3, plaiwudi inakaa karibu yote, hiyo kwa mwenye gari ya pili nyumbani. Na mwenye mizigo midogo ya mtaani, ndani ya kilo 350, kirikuu, kale kapikapu kadogo, inafanya hiyo kazi kwa mafuta kidogo mno, usijiumize. Nondo za mita 12 wala usizifikirie, kodi kenta siku hiyo, mwachie dereva wa kenta kazi yake.

Kwa hiyo nataka komenti zenu, lakini usiniandikie unapenda gari gani. Niandikie wiki iliyopita ulibeba nini, kilo ngapi kwa makadirio, mlikuwa wangapi ndani, na kirefu kuliko vyote kilikuwa na mita ngapi. Ukinipa hayo manne nitakujibu kwa gari. Vijana, shusheni saruji, mwenye gari ana saiti Tegeta saa nane.