Spika za Sebuleni: Jinsi ya Kuzilinganisha kwa Haki Kabla ya Kununua

Muuzaji wa Kariakoo anapowasha mifumo miwili ya muziki iliyopangwa kwenye rafu moja, ule unaopaza zaidi ndio utakaomvutia mnunuzi, hata kama tofauti yenyewe ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja tu, kwa kuwa tofauti ndogo kiasi hicho sikio huiona kuwa ubora na si ukubwa wa sauti. Tena sikio la binadamu huipokea besi kwa udhaifu sauti inapokuwa chini, jambo ambalo Fletcher na Munson, watafiti wa maabara ya Bell Labs ya Marekani, walilipima mwaka 1933. Sauti ikipandishwa besi hujaa, na sifa inaiendea spika isiyostahili.

Kwa sababu hiyo, ninaiweka hatua ya kusawazisha sauti mbele ya nyingine zote. Programu ya simu ya kupima desibeli inatosha, mradi simu ikae mahali palepale na kipande cha wimbo kiwe kilekile, maana hapa tunachotafuta ni usawa na wala si kipimo kamili. Zima vitufe vya kuongeza besi. Chagua wimbo unaoujua vizuri, kwa mfano taarabu yenye fidla, qanuni na sauti ya mwimbaji, kwa kuwa sauti ya mtu hufichua upungufu wa spika upesi kuliko ngoma. Kisha geuka, mwenzako awe ndiye anayebadilisha. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba watu walizipima spika walizoziona tofauti na walivyozipima zilipofichwa nyuma ya pazia, na sioni kwa nini sisi tujidhanie kuwa tumesalimika na udhaifu huo.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi zinahitaji ukali zaidi. Soketi ya volti 230 yenye plagi ya fyuzi ya ampea 13 hutoa takriban wati 3,000 mfululizo, kwa hiyo mfumo unaotangaza wati 12,000 za PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, unatangaza nguvu ambayo ukuta wenyewe hauna. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu ambayo mfumo huitoa mfululizo, kisha geuza kifaa usome nyuma kinatumia umeme kiasi gani. Hata wati za kweli zisikutishe: kuzidisha nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na spika yenye usikivu (sauti inayotoka kwa kiasi kilekile cha nguvu) wa desibeli 89 hupaza, kwa nusu ya nguvu, sawasawa na ile ya desibeli 86.

Baada ya kupimwa hivyo, kwa sebule ya kawaida, mpangilio wangu ni huu.

Nafasi ya kwanza naipa jozi ya spika za rafuni pamoja na amplifaya yake, au jozi yenye amplifaya ndani. Spika mbili zilizoachana huupanga muziki kushoto, kulia na katikati, na kifaa kimoja kikiharibika hakiangushi vingine. Gharama ni kubwa kidogo na nyaya zinahitaji uvumilivu, lakini hata jozi iliyotumika, ikiwa koni zake hazijachanika, huzishinda nyingi zilizo mpya.

Ya pili ni saundiba, ile spika ndefu nyembamba ya kuweka chini ya televisheni, yenye sabufa yake, hasa kwa anayetazama televisheni kuliko kusikiliza muziki, kwa sababu maneno husikika wazi. Hakikisha televisheni yako ina tundu la HDMI lenye alama ya ARC, ambalo hupeleka sauti ya televisheni kwenye saundiba.

Sabufa yenye vispika vidogo, ambayo hununuliwa na wengi, naiweka ya tatu. Besi yake ni nyingi, lakini sauti ya mwimbaji mara nyingi hubaki nyembamba, na ikiwekwa kwenye kona ya chumba chenye vigae na kuta za saruji huvuma kupita kiasi. Isogeze mbali na kona kabla ya kuilaumu.

Spika kubwa za sherehe zenye taa ni za mwisho. Zimeundwa kupaza uani, na sebuleni sifa hiyo haina kazi.

Lipa pale tu muuzaji atakapokubali, kwa maandishi kwenye risiti, kuipokea spika ukiirudisha ndani ya siku chache, kwa maana duka lililojaa maboksi hunyonya mwangwi na haliwezi kukuambia spika itasikikaje kwako.