Ekzosi mpya au ringi mpya: tathmini ya Honda XL 125 iliyotumika

Nilinunua Honda XL 125 iliyotumika, na kosa langu la kwanza lilikuwa kupeleka fedha kwenye ekzosi ya wazi, niliyouziwa katika duka moja la vipuri hapa Mwanza kwa ahadi kwamba pikipiki ingepanda mlima wa Isamilo bila kuhangaika. Kelele iliongezeka, nguvu haikuongezeka. Katika injini hii ya mipigo minne, petroli hupimwa na jeti ya kabureta, yaani kitundu kidogo inamopitia, hivyo moshi unapotoka kwa urahisi zaidi huku jeti ikiwa ileile, mchanganyiko hupungukiwa na petroli, na ndiyo maana plagi yangu ilitoka nyeupe kama chaki na ekzosi ikawa inalipuka kila nilipoachia mafuta mteremkoni.

Ninayoisifu ni karakana ndogo ya Igoma niliyoiendea baadaye. Fundi alipima mgandamizo wa silinda, akamimina oili kidogo kupitia tundu la plagi, akapima tena, na mshale wa kipimo ulipopanda akanionyesha kwamba zilizochoka ni ringi, yaani pete za pistoni ambazo oili ilizisaidia kuziba kwa muda, wala si valvu. Alibadilisha ringi, akaseti tapeti, yaani nafasi ndogo ya valvu, injini ikiwa imepoa, akaosha eakleana (kichujio cha hewa) iliyojaa vumbi la njia ya Kayenze. Gharama yote haikufikia bei ya ile ekzosi, ingawa nilisubiri siku mbili zaidi ya nilizoahidiwa. Bomba la zamani, pamoja na kutu yake, nimelirudisha. Isamilo sasa naipanda kwa gia ya tatu, na majirani wameanza tena kunisalimia.