Siku nzima ziwani na watoto na bibi yao: uzoefu wangu wa boti ya matembezi Mwanza

Tulikwenda sita: mimi, mume wangu, watoto wetu watatu, na mama yangu mzazi ambaye ana miaka 71. Naanza na mama kwa sababu bila yeye maoni yangu yangekuwa ya kawaida tu, ya samaki na upepo.

Mei 1996, meli ya abiria MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, mama alikuwa anaishi Kirumba, hapa hapa Mwanza. Ndani hakuwa na ndugu, ila jirani yake alikuwemo, na siku tatu mfululizo alishinda ufukweni na familia ile wakisubiri. Hadi leo tukipita Igoma kwenye makaburi ya waliokufa siku ile anakaa kimya mpaka tuyaache nyuma. Tangu mwaka ule hakukanyaga chombo chochote cha majini. Na kwao ni Bukoba! Basi la Bukoba linalopita Geita lilikuwa likipanda kivuko pale Kigongo ili kufika Busisi, kwa hiyo mama alikuwa anapanda la kuzunguka Shinyanga, Kahama na Biharamulo, anaongeza saa nyingi njiani kukwepa maji ya nusu saa. Miaka yote hiyo. Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa hapo hapo Kigongo Juni 2025, kilomita 3 toka ng'ambo hadi ng'ambo, akapita juu yake na basi. Aliporudi akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: anataka kuona limesimama juu ya nini.

Ndiyo sababu nilipoona tangazo la boti inayotoka Capri Point, inatia nanga kisiwa cha Saanane, halafu inashuka na ghuba hadi karibu na daraja na kurudi jioni, nilimpelekea simu yeye kwanza. Akasoma mara mbili. Akasema, "Ulizia wanapakia watu wangapi."

Bei ilikuwa shilingi 60,000 kwa mtu mzima na 30,000 kwa mtoto, chakula cha mchana kikiwemo. Mama hakutozwa nusu wala kupewa punguzo lolote la uzee, niliuliza. Kwa siku nzima naona ni bei ya haki, ila kuna jambo tangazo lilificha, nitalieleza mbele.

Tuliambiwa tuwepo saa 2:30 asubuhi, tung'oe nanga saa 3. Tuling'oa saa 3:45, na hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu walilalamika sana wakati mimi moyoni nilikuwa nashukuru. Boti ilikuwa na majaketi ya kujiokolea ya watu wazima ya kutosha na ziada. Ya watoto yalikuwa manne. Boti nzima watoto tulikuwa nao tisa. Kosa kubwa hilo, maana tulilipa siku nne kabla na umri wa kila mtoto waliuandika wenyewe. Lakini nahodha alikataa kuondoka. Abiria mmoja akamwambia, "Kaka, hawa wadogo si tunawashika wenyewe?" Akajibu kwa upole kwamba mtoto asiye na jaketi lake hatoki gatini, akampigia mtu simu, tukangoja mpaka bodaboda ikafika na gunia zima.

Halafu akamvalisha kitinda mimba wangu, ana miaka minne, yeye mwenyewe. Alifunga vifungo viwili vya kifuani, akapitisha mkanda katikati ya miguu, akaukaza. Kisha akashika jaketi mabegani kwa mikono miwili na kuliinua juu. Lilipanda hadi masikioni, kidevu cha mtoto kikazama ndani. Akalivua. Akachukua dogo zaidi, akarudia vilevile, akainua, na safari hii mtoto mwenyewe ndiye aliyeinuka nalo. Akasema, "Hili sasa ni lake." Mimi nimezaliwa Mwanza, nimekulia kando ya ziwa hili, na sikuwahi kuona mtu akijaribu jaketi namna ile. Sasa najua, na ukimpeleka mtoto wako fanya hivyo, usiridhike kwa kuwa kifungo kimelia.

Mama alikuwa amesimama kando anatazama yote hayo. Nahodha akamfuata, "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Chombo chako kinaruhusiwa watu wangapi?" Hakuonekana kukerwa hata kidogo. Alimwongoza hadi kwenye cheti cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kilichobandikwa ukutani karibu na usukani, akamsomea: abiria 60. Akachukua karatasi ya majina, wakahesabu pamoja kwa kidole, 47 na mabaharia watano. Mama akapanda.

Saanane sitasema mengi, wenyeji wengi tunaijua. Kutoka gatini ni dakika chache tu, unaliacha Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu lililosimama majini, nyuma yako na mara umefika. Watoto wanapenda kujua kwamba ni hifadhi ya taifa, tena ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18, na kwamba jina lake ni la mvuvi aliyekuwa akiishi hapo. Waliona swala, waliona pimbi wameanikwa juu ya mawe kama nguo. Lawama yangu iko hapa: kiingilio cha hifadhi hakimo kwenye ile bei. Hilo ndilo tangazo halikusema. Hifadhini hawapokei fedha taslimu, unapewa namba ya malipo unalipia kwa simu, sasa mtu asiye na salio alibaki anahangaika kuomba wenzake pale pale mlangoni. Mama mmoja na wanawe wawili walirudi kukaa botini. Iliniuma. Andikeni tu kwenye tangazo, watu wajipange.

Kuanzia saa 5:30 tukaelekea kusini na ghuba. Hii ndiyo sehemu niliyoilipia bila kujua. Maji ya ghubani asubuhi yametulia, milima ya mawe iko huku na huku, na hakuna chochote unachotakiwa kufanya. Hakuna ratiba, hakuna mtu wa kuwaambia kaeni huku, nendeni kule. Mwanangu mkubwa, ambaye nyumbani simu haimtoki mkononi, alikaa omoni, kule mbele ya boti, karibu saa nzima akihesabu vizimba vya samaki, aliacha alipofika sijui sitini na ngapi. Tulipita wavuvi wa dagaa wamelala ndani ya mitumbwi, taa zao zimezimwa, usiku wao ulikuwa umeisha. Mara mbili nahodha alizunguka mbali kukwepa magugumaji, mkeka mzima wa kijani unaoelea, kwa kuwa yakiingia kwenye propela injini inakwama.

Muziki ulikuwa juu mno. Niliomba wapunguze, wakapunguza, baada ya dakika kumi ukapanda tena. Boti inayojiita ya familia ingewafikiria wazee na watoto wachanga.

Darajani tulifika saa 7 na kitu. Hatukupita chini, tulisimama kando, na nahodha akazima injini na muziki pamoja. Ndipo tukasikia magari. Kila lori likivuka maungio, chini kunasikika mlio mzito, du-dum, halafu kimya, halafu basi, du-dum. Nguzo zinatoka majini zimepangana hadi upande wa pili. Mama alisimama, mkono mmoja kwenye reli, mwingine kwenye mkanda wa jaketi lake. Aliangalia muda mrefu. Akasema, "Kumbe miguu yake ndiyo hii." Kisha akaniuliza kina ni kiasi gani hapo, sikuwa na jibu, akasema si kitu. Tulikaa pale karibu nusu saa. Hakuna aliyemharakisha.

Chakula kilichelewa hadi saa 9, watoto wakala biskuti nilizobeba. Kilipokuja kilikuwa kizuri kweli: sato wa kukaanga, mzima kwa kila mtu mzima, amekauka mkiani na laini mgongoni, na ugali wa moto, kachumbari yenye ndimu nyingi. Mtoto anapewa kipande na wali. Maji ya kunywa yalitosha. Choo ni kimoja, asubuhi kilikuwa safi, ila kufikia alasiri maji ya kunawia yalikuwa yamekwisha, jambo gumu kuelewa ukiwa katikati ya ziwa lote hili. Watoto walitaka kuogelea, mabaharia wakakataa kwa sababu ya kichocho na mamba. Mimi nawaunga mkono.

Kurudi ndiko kugumu, ujue mapema. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na sisi tulikuwa tunaelekea kaskazini, kwa hiyo tuliupokea usoni. Mawimbi yakaanza kupiga omo, maji yakaruka hadi viti vya mbele. Mtoto wangu wa kati alitapika. Kijana wa sitaha alileta ndoo na kitambaa kabla sijamwita, akatuhamishia nyuma, shetrini, ambako mtikisiko ni mdogo. Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, midomo inatembea. Nahodha akapunguza mwendo, akamtuma mtu aje amwambie, "Mama, tumepunguza kwa ajili yako, tutachelewa kidogo." Tulifika saa 11:40 badala ya saa 11.

Nimewapa nyota nne. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya majaketi ya watoto na kile kiingilio. Ukienda, piga simu siku moja kabla na uwatajie kilo za kila mtoto, beba sweta, limao au tangawizi ya kichefuchefu, weka salio kwenye simu kwa ajili ya Saanane, na wakati wa kurudi waketishe wadogo nyuma.

Mama hakulivua jaketi mpaka miguu yake yote miwili ilipokuwa kwenye saruji ya gati. Akaikunja mikanda vizuri, akamkabidhi nahodha mkononi, akamwombea. Kwenye gari aliongea njia nzima, na wajukuu wakaanza kumpigia hesabu za meli ya Bukoba. Akawaambia ile inasafiri usiku, hapana. Desemba anakwenda kwa basi, kupitia darajani, na tiketi nimeshamkatia, kiti cha dirishani.